Kabla Hujaingia kwa Daktari wa Mifupa

Shikamooni wazee wangu. Na wengine, habari za asubuhi. Nawaona waliotoka Sikonge na Urambo. Nauli imetumika, kwa hiyo naingia kwenye jambo lenyewe.

Mtu akishapewa barua ya rufaa kwenda hospitali ya Kitete hapa Tabora, au Bugando kule Mwanza, au MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Dar es Salaam, hangaiko lake lote huwa picha. Eksirei ibebeni, hata ya miaka mingi nyuma, maana daktari atalinganisha ya zamani na mpya. Lakini eksirei huonyesha mfupa, haionyeshi maumivu. Wapo watu ambao goti limelika vibaya kwenye picha na bado wanalima, na wapo ambao picha ni safi na usiku hawalali. Maelezo yako ndiyo yanayomwonyesha daktari pa kuanzia.

Maelezo gani? Usiende na jina la ugonjwa. Tukishasema "nina baridi yabisi," mazungumzo yanafungwa. Sema unachosikia mwilini. Goti linakaza ukiamka, na linachukua zaidi ya nusu saa kulegea? Au asubuhi ni zima, linaanza kuuma jioni ukitoka shambani? La kwanza linamfanya daktari ashuku ugonjwa unaovimbisha viungo kwa ndani, la pili kulika kwa gegedu, lile tabaka laini linalokinga ncha za mifupa kwenye kiungo, na tiba zake hazifanani. Kiuno nacho: maumivu yanaishia hapo hapo, au yanateremka hadi chini ya goti pamoja na ganzi? Hapo atafikiria mshipa wa fahamu. Mwenye selimundu, yaani sikoseli, aseme mapema, hata kama kinachomleta ni nyonga tu, kwa sababu selimundu huzuia damu kufika kwenye kichwa cha mfupa wa paja, na mfupa ule hufa taratibu.

Sasa nifike kwenye jambo tunaloficha. Wengi wetu kabla ya hospitali tumepita kwa mzee anayeunga mifupa. Tumechuliwa, tumefungwa vijiti. Mwambieni daktari! Mlifungwa lini, kwa muda gani, vidole vilivimba, vilikuwa vya baridi? Mfupa ulioungana ukiwa umepinda hautibiwi kama uliovunjika jana. Daktari akikugombeza kwa hilo, kosa ni lake. Wewe endelea kusema.

Dawa ni hivyo hivyo. Diklofenaki ya duka la dawa, ile unayomeza kila siku tangu msimu wa tumbaku uanze, inaweza kuchimba vidonda tumboni na kuumiza figo. Predinisoloni huleta nafuu haraka, ndiyo maana watu wanaipenda, lakini ikimezwa miezi na miezi inadhoofisha mifupa na yaweza kuharibu nyonga. Usihangaike kukariri majina. Tia pakiti na makopo yote kwenye mfuko, na unga wa mitishamba pia, uvitoe mbele yake. Presha, sukari, vidonda vya tumbo, vyote vitajwe.

Vaa kanga au bukta pana. Ataangalia miguu yote miwili, maana mguu mzima ndio kipimo cha ule mbovu. Nenda na viatu vyako vya kila siku, si vya Jumapili, maana soli iliyolika upande inamweleza unavyokanyaga. Siku za kliniki ya mifupa uliza kabla hujapanda gari. Na msindikizaji awe mtu unayeishi naye, si yule anayejua mji.

Wapo wasiopaswa kungoja miadi. Kiuno kinauma, kisha katikati ya mapaja pamekufa ganzi au mkojo umegoma: hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Mtoto mwenye homa anayekataa kukanyagia mguu, vivyo hivyo. Mfupa uliotokeza nje, au vidole vilivyokuwa vya baridi baada ya kufungwa vijiti, msilale navyo nyumbani.

Ukiambiwa upasuaji, usiinuke kitini bado. Uliza nisipofanyiwa itakuwaje, nitakaa muda gani bila kushika jembe, na vyuma vitabaki au vitatolewa. Jibu usipolielewa, mwombe arudie kwa maneno mengine. Una haki hiyo.

Haya, mama wa pale nyuma uliyenyoosha mkono, karibu uulize.