Weka Rula Chini, Chukua Uzi

Ndugu zangu, mlionisikia zamani mnajua ninakoelekea, nivumilieni. Kila nikitaja umbali wa London hadi Tokyo kwa ndege, hakosi mtu wa kufungua ramani, kuweka rula na kuchora: Ujerumani, Ukraine, Kazakhstan, China, kafika. Na anafurahi kweli! Mimi humkabidhi tufe la dunia na uzi.

Bana ncha moja ya uzi hapa London, nyingine Tokyo. Usiubembeleze, uvute mpaka ukazike. Haya, tazama ulikokimbilia. Umepanda Norwei na Uswidi, umevuka Mzingo wa Aktiki, umeambaa na kaskazini ya Siberia, ndipo ukateremka Japani. Na Tokyo iko kusini ya London kwa digrii karibu 16! Mtu anakwenda kusini kwa kupitia kwenye barafu. Lakini pima basi: njia ya uzi ni takriban kilomita 9,600. Ya rula, ukiishika kwa dira bila kubadili mwelekeo, inazidi 11,000. Kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa, umetupa karibu saa mbili angani, na mafuta yake.

"Kwa hiyo ramani inadanganya?" Swali hilo nimelizoea. Mchoraji ramani Mercator alichora yake mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia, ili washike mwelekeo mmoja wa dira na wafike. Kazi hiyo inaifanya vizuri hadi leo. Ila gharama yake ni kuzitanua nchi kadiri zinavyokaribia ncha za dunia. Ndiyo maana Greenland inaonekana kulingana kwa ukubwa na Afrika, ilhali Afrika inaizidi kama mara 14. Sasa nani aliyekutuma upimie kilomita kwa ramani hiyo?

Yupo na mjuzi mwingine: "Mbona skrini ndani ya ndege inaonyesha tunapinda?" Hampindi, baba. Ni dunia iliyolazimishwa kulala bapa kwenye skrini.

Naona mwenyekiti anatazama saa. La pili linalobadili safari, haraka: anga ina wenyewe. Tangu 2022 mashirika ya ndege ya Uingereza na Japani hayapiti juu ya Urusi. Wengine huzungukia Asia ya Kati, wengine upande wa Alaska, na safari iliyokuwa ya saa 12 hivi sasa hufika 14. Miji haijasogea hata hatua.

La tatu, upepo. Februari 2020 ndege ya abiria ilitoka New York ikatua London kabla saa tano hazijatimia, imesukumwa na upepo utokao magharibi. Kurudi, kilomita zilezile 5,500 na ushee, huchukua saa saba na zaidi. Kwa hiyo ukiniuliza "ni mbali kiasi gani?", nami nitakuuliza unaelekea upande gani.

Niliandaa pia habari ya ndege za injini mbili, na kwa nini haziruhusiwi kwenda mbali mno na viwanja vya dharura. Mwenyekiti ameshasimama.