Luttrell wa Irnham: Kuutafuta Ukoo kwa Kuifuata Ardhi

Mabibi na mabwana, ahsanteni kwa kufika. Mtu nitakayemzungumzia jioni hii ni Sir Geoffrey Luttrell, bwana wa Irnham katika kaunti ya Lincolnshire, aliyezaliwa mwaka 1276 na kufariki tarehe 23 Mei 1345. Alikuwa naiti, yaani askari wa farasi mwenye cheo na ardhi, na aliitwa mara kadhaa kwenda kupigana na Waskoti. Lakini vita vyake si mada yangu. Ninachokusudia ni kueleza namna ukoo wake unavyoweza kufuatiliwa kwa hati zilizosalia, na hoja yangu ni kwamba anayeanza na jina la ukoo hupotea mapema, ilhali anayeanza na ardhi, akauliza kila mara ilipita kwa mwanamke gani, hufika.

Jina lenyewe ni mtego. Kati ya mwaka 1190 na 1345 tunakutana na akina Geoffrey Luttrell watatu walioshika milki za ukoo, na baada yao wakafuata wengine wa jina hilohilo. Karani wa mfalme aliyeandika "Galfridus Luterel" hakujisumbua kueleza ni yupi, kwa kuwa watu wa wakati wake walimjua. Sisi tunamtambua kwa shamba linalotajwa pamoja naye: akitajwa na Gamston ya Nottinghamshire peke yake, huenda ni Geoffrey wa kwanza, akitajwa na Irnham, lazima awe ameishi baada ya mwaka 1230, na nitaeleza kwa nini.

Geoffrey wa kwanza alikuwa mtumishi wa John, na alimfuata hata kabla hajawa mfalme, wakati Mfalme Richard, ndugu yake John, alipokuwa mateka ugenini. Richard aliporejea mwaka 1194, Geoffrey alinyang'anywa ardhi. John alipotawazwa mwaka 1199, akarudishiwa. Habari hizi tunazipata katika daftari za hazina ya mfalme, ngozi ndefu zilizoshonwa na kukunjwa kama majamvi, ambazo leo zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka huko Kew. Hata hivyo, jambo kubwa alilolifanya Geoffrey huyu kwa uzao wake halikuwa utumishi bali ndoa, kwani alimwoa Frethesant, binti wa William Paynel.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye kiini cha habari yote. Kitabu cha Domesday, ile sensa ya ardhi iliyofanywa kwa amri ya Mfalme William mwaka 1086, kinamtaja Ralph Paynel kuwa ndiye mwenye Irnham na pia Quantoxhead ya Mashariki, iliyoko mbali kabisa, Somerset. Baada ya vizazi vichache sehemu hii ya mali ya Paynel iliangukia kwa binti, Alice, aliyeolewa na Robert de Gaunt. Nao wakapata binti, Avice, na mwana wa Avice aliitwa Maurice de Gaunt. Angalieni vyema: baba yake Maurice hakuwa wa ukoo wa Gaunt, bali wa ukoo uliotawala Berkeley. Mtoto alichukua jina la upande wa mama kwa sababu urithi mnono ulitoka upande huo. Mtu anayechora mti wa ukoo kwa kufuata majina ya baba angemweka Maurice mahali pasipo pake, na wamewahi kuwako waliofanya hivyo.

Maurice alifariki mwaka 1230 bila mtoto. Wasikilizaji wengi hapa mnaijua sheria ya mirathi ya Kiislamu, ambamo binti ana fungu lake hata akiwapo kaka, na mjane asiye na watoto wa mumewe hupata robo, mwenye watoto thumuni. Sheria ya Uingereza ya wakati ule ilikwenda vingine. Mwana wa kwanza alichukua ardhi yote. Mabinti waligawana sawasawa pale tu ambapo hapakuwa na mwana. Na mjane alishika theluthi ya ardhi ya marehemu kwa maisha yake, ikarudi kwa mrithi baada yake. Mtu akifa bila uzao, ardhi hairudi tu kwa ndugu wa baba yake. Hupanda hadi kwenye chimbuko ilikotoka, kisha hushuka kwa tawi jingine la chimbuko hilohilo. Kwa hiyo Irnham na Quantoxhead zilipanda kutoka kwa Maurice hadi kwa akina Paynel wa kale, zikashuka kwa tawi la Frethesant, na kuangukia kwa mwanawe, Andrew Luttrell. Frethesant hakuwahi kuimiliki Irnham hata siku moja, lakini bila yeye hakuna Luttrell wa Irnham.

Andrew alifariki mwaka 1265, na hapo inaingia aina ya hati ambayo mtafiti wa manaiti hawezi kuikosa. Kila alipofariki mtu aliyeshika ardhi moja kwa moja kutoka kwa mfalme, ofisa wa mfalme aliwaita wanaume wa mahali pale, akawaapisha, akawauliza: marehemu alishika ardhi gani, kutoka kwa nani, kwa utumishi upi, ina thamani gani kwa mwaka, alifariki lini, na mrithi wake ni nani na ana umri gani? Mfalme hakuuliza kwa kupenda historia. Mrithi akiwa chini ya miaka 21, mfalme aliichukua milki na kuuza ulezi wake, pamoja na haki ya kumwoza, kwa yeyote mwenye fedha. Majibu hayo ni hazina, ingawa mimi huyapokea kwa tahadhari: thamani mara nyingi imeshushwa, kwani waapaji walikuwa majirani na wapangaji wa familia hiyohiyo, na umri wa "miaka 30 na zaidi" ni ukadiriaji tu.

Mwana wa Andrew, Geoffrey wa pili, alitangazwa kuwa ana maradhi ya akili, na ulinzi wake ukapewa nduguye Alexander. Ni Alexander huyu aliyepata Quantoxhead. Kwa mgawanyo huo ukoo ukapasuka: wakubwa wakabaki kaskazini na mashariki, wadogo wakahamia Somerset. Mjukuu wa Andrew, Robert, alifariki mwaka 1297, na mwanawe, Geoffrey wetu, alikuwa ametimiza miaka 21 hivi, akaponea chupuchupu kuuzwa kwa mlezi.

Geoffrey huyu anajulikana duniani kwa sababu ya kitabu cha Zaburi alichoagiza kiandikwe na kupambwa, ambacho sasa kipo katika Maktaba ya Uingereza. Katika picha moja amepanda farasi. Mkewe, Agnes Sutton, anampa kofia ya chuma, na mkaza mwanawe, Beatrice Scrope, anangoja na ngao. Mavazi ya wanawake hao wawili yameunganisha nembo ya Luttrell na nembo za walikozaliwa, kwa hiyo ukurasa huo ni mti wa ukoo uliotiwa rangi. Lakini nembo nazo hudanganya. Ile ya Luttrell, mshazari kati ya ndege sita, inafanana na ya akina Furnival wa Sheffield na ya majirani zao kadhaa, na kufanana huko kunatokana na uhusiano wa bwana na wafuasi, si damu.

Beatrice aliozwa kwa Andrew, mwana wa Geoffrey, wangali watoto. Baba yake alikuwa mwanasheria wa mfalme, naye baadaye akawa jaji mkuu wa Mahakama ya Mfalme. Kwa naiti mwenye kesi za ardhi, mkwe wa aina hiyo alifaa kuliko shamba. Geoffrey mwenyewe alishtakiwa mwaka 1312 pamoja na wenzake kwa kuivamia nyumba ya watawa ya Sempringham. Miaka mingi baadaye wasia wake unamtaja binti yake Isabella, mtawa wa nyumba hiyohiyo.

Tawi la Irnham lilikoma upande wa wanaume mwaka 1419, na ardhi ikamwendea Hawise, dada wa marehemu, aliyeolewa na Sir Godfrey Hilton. Tawi dogo la Somerset ndilo lililostawi. Mwaka 1376 Elizabeth Luttrell alinunua haki ya kuirithi ngome ya Dunster, huko Somerset, kutoka kwa mwanamke mwenzake, Joan de Mohun, kwa mark 5,000, mark ikiwa kipimo cha fedha cha wakati ule. Joan aliishi hadi mwaka 1404, kwa hiyo aliyeingia ngomeni alikuwa Hugh, mwana wa Elizabeth, na uzao wake uliishika Dunster hadi ilipokabidhiwa kwa shirika la taifa la hifadhi mwaka 1976.