Mshipa wa mtoto haubanwi na ndoo ya dagaa

Mama zangu wa Ujiji, na ninyi wakunga vijana mliokaa nyuma, hili nimelisema Mwandiga, nimelisema Kibirizi, leo nalirudia.

Binti mmoja aliletwa na kichanga wa siku 5. Mtoto hanyonyi, anahema juu juu, jasho kichwani. Nikamshika mkono, mapigo yapo. Nikaweka vidole viwili kinenani, hamna kitu. Miguu ya baridi kama mgebuka wa kwenye barafu. Na mama mkwe, badala ya kumpa pole mkwewe, anasema: "Nilimkataza kubeba ndoo za dagaa, hakusikia."

Hapana, mama! Mtoto huyu aota yake imebanwa, damu haifiki vizuri miguuni, na si ndoo iliyoibana. Aota, ule mshipa mkubwa unaotoka moyoni, hujipanga kati ya wiki ya 4 na ya 8 tangu mimba itungwe. Wengine wakati huo bado wanahesabu siku zao. Vijishipa hutokea jozi kwa jozi, vingine vinapotea, vingine vinaungana kuwa tao la aota. Kubanwa hutokea mara nyingi pale tao linapopokea kijishipa cha mtoto wa tumboni, kinachoipitisha damu kando ya mapafu ambayo hayajavuta hewa.

Kwa nini pale? Yako maelezo mawili. Nyama ya kijishipa hicho, ambayo kazi yake ni kujikaza mtoto akizaliwa, huwa imetambaa hadi kwenye ukuta wa aota. Kikijifunga, kinaikaba na aota. Au damu inayofika pale ni haba. Hata kwa mtoto mwenye afya, kipande kile hupitisha kama sehemu 1 kati ya 10 tu ya damu ya moyo. Ikipungua tena, mshipa haupanuki. Mto Luiche mnaujua ukikosa mvua.

Mtaniuliza, mbona alizaliwa akalia vizuri? Kwa sababu kijishipa kilikuwa bado wazi, damu ya kwenda miguuni ikapata njia! Kinafunga siku za mwanzo, na hapo ndipo anabadilika ghafla, keshafika nyumbani.

Naona muda unaniishia. Ipo dawa ya kukiweka wazi hadi upasuaji, na upasuaji wenyewe ulianza Stockholm mwaka 1944.

Mama huyu hapa mbele amekubali tumshike mwanawe. Wakunga, naweni, pasheni mikono moto, mje mmoja mmoja mtafute mapigo ya kinenani.