Kafeini Hukaa Mwilini Muda Gani? Muulize Ini

Ndugu wasikilizaji, mimi ni mfamasia, na watu wanaokuja kunieleza kwamba kahawa inawasumbua huanza kwa kuomba radhi. "Samahani, mimi nikinywa kikombe kimoja tu moyo unaenda mbio." Husema kwa sauti ya chini, kana kwamba wamekiri udhaifu. Wameshaambiwa na jamaa zao kwamba wanadeka, na mwishowe wakaamini. Hawadeki hata kidogo, na ndiyo sababu nimekubali kuja kuzungumza leo.

Kafeini ikishanywewa, karibu yote hufyonzwa na kuingia kwenye damu ndani ya dakika 45 hivi. Kutoka hapo hufika kwenye ubongo. Kwa kawaida, kadiri unavyokaa macho ndivyo kemikali iitwayo adenosini inavyoongezeka kichwani, nayo ikikaa kwenye vipokezi vyake unaanza kusikia usingizi. Kafeini imefanana nayo umbo, basi inakiwahi kiti. Adenosini ipo palepale, ila haina pa kukaa. Vipokezi hivyo havilingani kwa watu wote, na tofauti hiyo ni ya kurithi. Ndiyo maana wapo wanaotetemeka kwa kiasi ambacho mwingine hakisikii kabisa, hata kama damu zao zina kafeini sawasawa.

Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili, ambayo watu hawaambiwi, iko kwenye ini.

Wengi hudhani kwamba ukinywa maji mengi utaikojoa kafeini iishe. Haiendi hivyo. Inayotoka kwenye mkojo ikiwa bado kafeini haifiki hata asilimia 3. Iliyobaki yote lazima ipite kwenye ini, na huko kazi hiyo karibu yote hufanywa na kimeng'enya kimoja, yaani protini inayoharakisha kazi ya kemikali mwilini, kinachoitwa CYP1A2. Takriban asilimia 80 hugeuzwa kuwa paraksanthini, ambayo nayo huchangamsha, kisha hiyo pia huvunjwavunjwa. Kimeng'enya hicho kikiwa chepesi, kafeini inaondoka mapema. Kikiwa kizito, inabaki inazunguka.

Kwa mtu mzima mwenye afya, nusu ya kafeini aliyokunywa huondoka kwa saa 5 hivi. Lakini huo ni wastani, maana wapo wanaotumia saa 2 na wapo wanaotumia saa 9 au zaidi. Hebu tupige hesabu pamoja. Mtu amekunywa miligramu 200, yaani kama vikombe 2 vya kahawa, saa nne asubuhi. Kwa yule wa saa 5, zimebaki 100 ifikapo saa tisa alasiri, na 50 saa mbili usiku. Sasa mchukue mwenzake ambaye ini lake linahitaji saa 10. Huyu saa mbili usiku bado ana 100, na kesho yake saa nne asubuhi, anapomimina kikombe kingine, karibu 40 za jana bado zimo. Anajenga juu ya msingi wa jana kila siku. Halafu anashangaa kwa nini halali, na anakunywa tena ili kuondoa uchovu wa kutolala!

Wepesi wa kimeng'enya hiki hurithiwa pia, lakini haukai pale pale maisha yote. Hapa naomba tutulie kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia bila kujua chanzo.

Moshi wa sigara hukiongezea kasi kimeng'enya, kiasi kwamba kafeini ya mvutaji huondoka kwa karibu nusu ya muda wa kawaida. Anayefanya ni moshi, si nikotini. Siku mtu anapoacha sigara, kasi hiyo inashuka ndani ya siku chache, na vikombe vilevile alivyozoea vinampa kafeini nyingi zaidi kwenye damu. Anahangaika, mikono inatetemeka, usingizi unapotea. Anaambiwa ni kiu ya sigara, na wengine huirudia kwa sababu hiyo. Inaniuma sana, kwa sababu kupunguza kahawa wiki ile ile kungeweza kumpunguzia mateso.

Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni hufanya kafeini ikae karibu mara mbili ya muda wake. Antibayotiki ya siprofloksasini na dawa ya sonona iitwayo fluvoksamini hukizuia kimeng'enya chenyewe, na ile ya pili hukizuia kwa nguvu mno. Mwambieni anayewaandikia dawa mnakunywa vikombe vingapi, hata kama hakuuliza.

Ini lenye ugonjwa je? Lililojaa makovu, yaani sirosisi, husafisha kafeini polepole sana. Madaktari wanalijua hilo kiasi kwamba kafeini imetumika kama kipimo: mgonjwa hupewa kiasi kinachojulikana, kisha hupimwa mate au damu kuona kimebaki kiasi gani. Msitoke hapa mkidhani kwamba kila anayeshindwa na kahawa ana ugonjwa wa ini. Walio wengi wamezaliwa hivyo. Kinachonishtua ni mabadiliko: mtu aliyeivumilia miaka yote, hana dawa mpya, hajaacha sigara, na sasa haivumilii tena, huku amechoka, ngozi inawasha au macho yanageuka manjano. Huyo apimwe ini.

Kuna jambo linalochanganya watu hapa. Tafiti nyingi zimeona kwamba wanywaji wa kahawa hupata sirosisi na saratani ya ini kwa uchache kuliko wasiokunywa. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilitaja pia upungufu huo wa saratani ya ini. Ni habari njema. Lakini nafuu imeonekana hata kwa kahawa iliyoondolewa kafeini, kwa hiyo asiyeivumilia hana sababu ya kujilazimisha. Kwa maoni yangu, kupoteza usingizi kila usiku kwa ajili ya kulinda ini ni biashara ya hasara.

Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2015 kwamba miligramu 400 kwa siku hazimdhuru mtu mzima mwenye afya, na 200 kwa mjamzito. Kwa mjamzito kuna sababu nzito. Katika miezi ya mwisho, nusu ya kafeini huweza kuchukua saa 15 kuondoka, nayo huvuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto ambaye ini lake bado haliwezi kazi hiyo. Hata akishazaliwa, nusu hiyo humchukua zaidi ya siku 3. Madaktari wanaotibu watoto njiti wanaosahau kupumua huwapa kafeini kama dawa, na dozi moja kwa siku huwatosha, kwa sababu haiondoki.

Sasa napokea maswali. Tuanze na mama aliyeko kule nyuma, amenyoosha mkono tangu nilipotaja ujauzito.