Kilo kasoro moja, na grisi ya Liemba

RAMA: Mwakeye wana Kigoma, mwakeye na nyie wa mbali mnaotusikiliza, mimi Rama, dada Zuhura yuko hapa, mvua nayo iko hapa maana hili bati la huku Mwanga mnalijua, mkisikia kelele si maiki imeharibika.

ZUHURA: Na leo tumejipanga kweli. Kuna mambo matano ya kumwambia kijana anayeanza kazi ya udevelopa, yaani kutengeneza programu za kompyuta, nimeyaandika kwenye daftari kabisa.

RAMA: Tutayafikia. Kwanza nieleze wiki yangu, dada, maana nisipoyasema haya nitaumwa kichwa.

ZUHURA: Sema.

RAMA: Mnajua nafanya kazi na kampuni ya Dar nikiwa huku huku, wananunua maharage, wana vituo vya mzani Kasulu na kwingine. Mfumo wa malipo sikuutengeneza mimi, nimeurithi, aliyeutengeneza aliondoka kabla sijaingia. Sasa Jumatatu bosi anaandika kwenye grupu, ripoti ya stoo na ripoti ya malipo hazilingani, kila gunia linapishana kilo moja. Kila gunia! Nikafungua mfumo, nikazunguka kama saa mbili hivi, nikakuta mstari mmoja tu, umeandikwa kilo = kilo - 1. Basi. Juu hamna komenti, yaani maelezo ya pembeni, chini hamna komenti.

ZUHURA: Ukajua umekamata mwizi.

RAMA: Nikajua nimekamata mwizi! Maana sisi tunalijua hili kosa, kompyuta inaanza kuhesabu sifuri, binadamu anaanza moja, kwa hiyo makosa ya kuzidi moja au kupungua moja ni ugonjwa wetu wa kila siku. Nikaona huyu naye alichanganya. Nikaendesha git blame, amri ya kuonyesha nani aliandika mstari na lini, nikaona jina lake na ujumbe aliouacha siku ile, unajua aliandika nini? "Sasa iko sawa." Wa kabla yake umeandikwa "fix", yaani nimerekebisha. Wa kabla yake "fix tena".

ZUHURA: Na wewe ukafuta.

RAMA: Jumanne asubuhi nikafuta. Jumatano yakalipwa magunia 312. Alhamisi saa moja asubuhi simu, ni mama wa mzani wa Kasulu, yule mama sijawahi kumwona kwa macho lakini sauti namjua, hata hakupandisha sauti, akaniambia, "Mwanangu, siku hizi mnalipia na magunia?"

ZUHURA: Eeh Mola.

RAMA: Gunia la katani tupu, dada, linakaribia kilo. Mzani unapima maharage pamoja na gunia lake, stoo wanaandika hivyo hivyo, kwenye malipo ndiyo inatolewa ile moja. Haikuwa kosa, ilikuwa gunia! Nimelipa kilo 312 za katani kwa bei ya maharage. Ijumaa bosi kaniandika kwenye grupu kwa jina langu kamili, watu thelathini na kitu wanasoma.

ZUHURA: Pole sana mdogo wangu. Ila mama wa mzani ungemuuliza Jumatatu angekujibu kabla hujakaa chini.

RAMA: Hilo nalikubali moja kwa moja. Sisi tunakaa na laptopu tunasoma mistari, mtu anayejua mstari una maana gani yuko kwenye mzani na hata imeili hana. Lakini na yule jamaa jamani, neno moja tu. Angeandika neno moja pembeni, "gunia". Herufi tano. Ndiyo nimeanza kuwaza Liemba, ile meli yetu ya Ziwa Tanganyika.

ZUHURA: Liemba imeingiaje hapa?

RAMA: Si unaijua habari ya grisi?

ZUHURA: Naijua meli. Grisi sijui, hebu lete.

RAMA: Sikiliza. Liemba imetengenezwa Ujerumani, Papenburg, 1913. Wakaibomoa vipande vipande, makasha kama 5,000, ikaja Dar kwa meli, ikapanda treni mpaka hapa mwisho wa reli, ikaunganishwa hapa hapa Kigoma, 1915 ikaingia majini. Wakati ule inaitwa Graf von Götzen, jina la gavana wao. Haijamaliza hata miaka miwili, 1916 Vita ya Kwanza ya Dunia imewabana, Wabelgiji wanakaribia, Wajerumani wanatakiwa wakimbie. Wakaamua kuizamisha wenyewe adui asiipate. Sasa mafundi waliopewa kazi ya kuizamisha, kabla ya kuizamisha, wakazipaka injini grisi, grisi nene, kila mahali. Halafu ndiyo wakaizamisha.

ZUHURA: Kumbe.

RAMA: Ikakaa chini ya maji miaka kadhaa. Waingereza wakaja kuinyanyua 1924, wakakuta injini ziko vizuri, wakatengeneza tengeneza, 1927 ikarudi kazini na jina la Liemba. Ile mitambo ya mvuke imefanya kazi mpaka miaka ya sabini walipoweka dizeli. Sasa mtu amepewa amri aharibu, anaondoka, vita inamfukuza, bado akapaka grisi. Na huyu jamaa yangu ameondoka ofisini yenye kiyoyozi ameshindwa kuandika "gunia".

ZUHURA: Rama, ngoja. Huyo jamaa aliondokaje?

RAMA: Aa, hapo sasa.

ZUHURA: Sema, aliondokaje?

RAMA: Nasikia alikuwa anadai miezi mitatu.

ZUHURA: Miezi mitatu ya mshahara.

RAMA: Ndiyo.

ZUHURA: Basi hakuna cha grisi hapo. Mtu hajala miezi mitatu unataka akupakie injini grisi?

RAMA: Simzungumzii bosi mimi, namzungumzia mtu anayekuja nyuma!

ZUHURA: Wanaotusikiliza siku nyingi wanajua nilivyoacha kazi ile ya kwanza, wageni niwaambie. Nilikuwa nadai miezi miwili. Nimetoa notisi siku 28 kama sheria ya kazi ya 2004 inavyotaka kwa anayelipwa kwa mwezi, sikutoroka. Siku ya mwisho wananiambia andika hendova, kila kitu, pasiwedi ziko wapi, seva inawashwaje, databesi inahifadhiwa wapi. Nikauliza hela yangu lini, wakasema tutaangalia. Nikawapa pasiwedi, maana pasiwedi ni mali yao. Laptopu nikaweka mezani, nikaomba wanisainie kwamba nimekabidhi, nikaondoka. Yaliyomo kichwani sikuandika. Wiki mbili baadaye saa nne usiku simu inaita, nampa mtoto uji anaumwa, naiona inaita tu, imeita mara kumi na moja. Sikupokea, na leo wakipiga sipokei.

RAMA: Na hela?

ZUHURA: Nilienda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, wakalipa. Na hili vijana mlisikie vizuri, mgogoro wa mshahara una siku 60 za kupeleka malalamiko na ukifukuzwa kazi ni siku 30 tu, watu wanakaa wanasubiri "tutaangalia" mpaka muda unapita, halafu wanaanza kuomba kuongezewa muda, ni usumbufu mtupu.

RAMA: Hapo safi. Lakini nikuulize, aliyeingia kwenye kiti chako ni nani?

ZUHURA: Simjui.

RAMA: Ni mtu kama mimi! Chukulia mimi ndiye niliyeingia kwenye kiti chako dada. Sikukunyima mshahara, sikujua hata kama kuna mtu alinyimwa, nimekuja na vyeti vyangu nimefurahi nimepata kazi, nimekaa, bomu likanilipukia mimi, bosi yuko kwake amelala.

ZUHURA: Nani aliweka bomu? Mimi sikuweka bomu. Mfumo niliuacha unafanya kazi. Kutoandika si kuharibu, hebu tutenganishe hivyo vitu. Anayeharibu kwa makusudi huyo mfunge, hata mimi simtetei. Ila kile kilichopo kichwani mwangu ni kazi, Rama, kukiandika ni siku tatu nne za kazi, na kazi inalipwa. Nyie mnataka muifanye iwe tabia nzuri, eti muungwana huandika. Muungwana hulipa pia.

RAMA: Ile herufi tano haichukui siku nne. Inaandikwa siku ile ile unayoandika mstari, wakati bado unalipwa! Ndiyo hoja yangu, grisi haipakwi siku ya kuondoka, inapakwa kila siku.

ZUHURA: Kwenye Liemba yako walipaka siku ya kuondoka.

RAMA: ...Haya, hapo umenipata kidogo.

ZUHURA: Na bado. Kwa nini walipaka? Walipaka kwa sababu walitegemea kurudi! Walidhani watashinda vita, watarudi kuchukua meli yao. Hawakupaka kwa ajili ya Mwingereza, hawakupaka kwa ajili ya Rama. Mimi sirudi, kwa hiyo grisi ya nini?

RAMA: Lakini hawakurudi, na meli ilimfaa nani? Dada, bibi yako alipanda nini?

ZUHURA: Usimwingize bibi.

RAMA: Namwingiza! Umetuhadithia mwenyewe humu humu.

ZUHURA: Bibi yangu wa Ujiji amepanda Liemba mpaka amezeeka, kweli. Anashuka nayo kusini mpaka Kasanga na vitenge, anarudi na dagaa. Mama yangu anasema walikuwa wanafika vijijini usiku, vijiji havina gati, meli inasimama kule kwenye maji ya kina inapiga honi, mitumbwi inakuja na taa, watu wanapandia pale pembeni, mtoto anarushwa, anadakwa na mtu ambaye hata humjui, mama yangu amedakwa hivyo ana miaka minne, mpaka leo anaukumbuka ule mkono, anasema ulikuwa unanuka mafuta ya mashine.

RAMA: Sasa huo mkono...

ZUHURA: Najua unapotaka kunipeleka. Ila makasha 5,000 yalibebwa na nani, Rama? Nani aligonga zile ribiti za kuungia mabati ya meli hapa kwenye jua la Kigoma? Vibarua. Wa kwetu. Jina la gavana likaandikwa kwenye meli, jina la kibarua halipo popote. Nikisikia kazi nzuri inayodumu miaka mia nauliza kwanza aliyeifanya alilipwa nini.

RAMA: Na mimi nakubali waulizwe. Lakini hata yule kibarua angegonga ribiti vibaya kwa hasira, mama yako angezama.

ZUHURA: Hapana. Hapana, hapo unambebesha kibarua mzigo wa tajiri. Meli ikizama sema aliyenyima watu haki yao ndiye kaizamisha. Ukianza kusema "maskini fanya vizuri, kuna mtoto mbele", tajiri anakaa raha milele, maana kila mtu anamfikiria mtoto isipokuwa yeye.

RAMA: Mtoto ndiye anayezama lakini! Hata ukimtaja mwenye kosa vizuri namna gani!

ZUHURA: Basi tumegota.

RAMA: Tumegota.

ZUHURA: Mvua imeongezeka, mnasikia.

RAMA: Ngoja niwaambie kitu sijamwambia hata dada. Jana usiku namba ya yule jamaa nimeitafuta, nikapewa. Nikamwandikia WhatsApp, nikajitambulisha, nikamwambia kilo kutoa moja nimeielewa kwa njia ngumu, na nikamwomba radhi maana Ijumaa kwenye grupu nilimtaja vibaya, nilisema aliandika ovyo. Haikuwa ovyo. Ilikuwa sahihi kuliko mimi.

ZUHURA: Umefanya vizuri. Akajibu?

RAMA: Kimya mpaka asubuhi. Saa kumi na mbili nikakuta meseji moja. "Pole. Angalia mstari wa 412 kabla hamjaanza kununua mahindi."

ZUHURA: Hivyo tu?

RAMA: Hivyo tu. Sasa dada, hiyo ni nini kama si grisi? Hajalipwa mpaka leo, na amepaka.

ZUHURA: Hajalipwa mpaka leo?

RAMA: Mpaka leo.

ZUHURA: Basi huyo amekujibu wewe, hajaijibu kampuni. Wewe ulimwomba radhi. Umempa kitu, naye kakupa kitu. Hiyo si grisi, hayo ni malipo.

RAMA: Kwangu ni kitu kilekile.

ZUHURA: Si kitu kilekile, na ukivichanganya utakuja kukitoa kichwa chako chote bure. Huo mstari wa 412 umeuangalia?

RAMA: Nimeufungua. Kuna 0.5 pale.

ZUHURA: Nusu kilo?

RAMA: Nadhani ni mfuko wa plastiki, mahindi mengine yanakuja na viroba, ila safari hii sigusi, Jumatatu nampigia mama wa mzani kwanza.

ZUHURA: Mpigie. Na yule jamaa mpelekee zile siku 60, kama zimepita aombe kuongezewa muda CMA akiwa na sababu, mwambie anitafute nimwelekeze fomu.

RAMA: Nitampa namba yako. Haya, mwenye stationari anatugongea, anafunga duka, na sisi ndiyo tumeazima chumba chake.

ZUHURA: Na mambo yangu matano?

RAMA: Umebakiwa na dakika moja.

ZUHURA: Dakika moja sisomi, niliyaandika siku mbili. La kwanza lilikuwa namna ya kuomba mshahara kwenye usaili, haliingii dakika moja. Wiki ijayo.

RAMA: Wiki ijayo basi. Mzee tunakuja! Dada chukua maiki hiyo isilowe, mimi nabeba betri.