Ganda Linalojizuia Kukua: Kapsuli Ndogo za Polima

ZUHURA: Karibuni tena kipindini. Leo tunazungumzia kapsuli za polima, yaani plastiki ya molekuli ndefu kama minyororo, nyingine ndogo kiasi kwamba bila hadubini huzioni: ganda gumu nje, kimiminika ndani. Baraka, nianze na linalonisumbua. Tone dogo hivyo unalifungaje?

BARAKA: Hulifungi, linajifunga. Chukua vimiminika viwili visivyochanganyika, mafuta na maji. Kemikali moja iyeyushe kwenye mafuta, nyingine kwenye maji, na uchague zile ambazo zikigusana tu zinaungana. Zitagusana wapi? Pale mafuta yanapopakana na maji, basi. Polima inazaliwa hapo hapo.

ZUHURA: Nakumbuka onyesho la kamba ya nailoni darasani.

BARAKA: Ndilo hilo. Paul Morgan na Stephanie Kwolek, wanakemia wa DuPont kule Marekani, walilichapisha mwaka 1959. Chini ya bika, ile gilasi ya maabara, kuna kiyeyushi kizito badala ya mafuta, chenye kemikali ya kwanza, kloridi ya asidi; juu yake maji yenye ya pili, amini. Katikati unatokea utando mweupe. Ukiushika kwa kibano na kuuvuta, unapanda kama kamba, na kila ukiuondoa mwingine unajitengeneza palepale.

ZUHURA: Lakini hiyo ni kamba, si kapsuli.

BARAKA: Badilisha umbo la mpaka. Koroga mafuta yenye kloridi hiyo ndani ya maji kwa kasi mpaka yawe matone madogo, tia polivinili alkoholi ili yasirudi kuungana, kisha mimina amini. Kila tone linavaa ganda lake. Kasi ya kukoroga ndiyo inayoamua ukubwa: ukizidisha, matone yanakuwa madogo zaidi.

ZUHURA: Basi nikitaka ganda imara, niliache kwenye mchanganyiko muda mrefu?

BARAKA: Ungetegemea hivyo, ila kemia yake inakataa. Amini huingia kwenye mafuta kidogo, wakati kloridi ya asidi karibu haiingii majini kabisa. Kwa hiyo ganda linakua kuelekea ndani, upande wa mafuta. Likishatanda, amini inayofuata lazima ipenye ganda lenyewe. Kadiri linavyonenepa ndivyo njia inavyozibika, na mmenyuko unafifia.

ZUHURA: Kumbe linajifungia mlango!

BARAKA: Kabisa. Mimi naliona hilo kuwa jambo zuri kuliko yote katika kazi hii. Sehemu yenye uwazi inaendelea kupitisha amini, kwa hiyo inazibwa haraka kuliko sehemu nene. Ganda linajirekebisha bila mtu kuligusa. Ila unalipa: kusubiri sana hakukuongezei unene wa maana, na wakati huo maji nayo yanaivunja ile kloridi. Zaidi ya hapo, mmenyuko unatoa asidi inayoidhoofisha amini, ndiyo maana watu huongeza alkali ya kuizima asidi hiyo.

ZUHURA: Nguvu itoke wapi sasa?

BARAKA: Kwenye molekuli unazochagua. Amini yenye ncha mbili za kuungana inakupa minyororo mirefu isiyofungana. Weka yenye tatu, kama diethilini triamini, minyororo inafungana kuwa wavu. Ganda halipasuki ovyo, na kilichomo hakivuji haraka. Wengine wanaacha kloridi wanatumia isosianati, kemikali nyingine inayoungana na amini. Wanapata polima iitwayo poliurea, na hakuna asidi inayotoka. Viuatilifu vingi vya kapsuli vinatengenezwa hivyo.

ZUHURA: Uimara wenyewe unapimwaje kwa kitu kidogo hivyo?

BARAKA: Kapsuli moja inawekwa juu ya kioo chini ya hadubini. Kijiti chenye ncha bapa kinashuka polepole kikiikandamiza, huku kipimo kikisoma nguvu. Kapsuli inabonyea, inatanuka pembeni, halafu ghafla usomaji unaporomoka. Hapo imepasuka. Unarudia kwa nyingine nyingi, maana hata za kundi moja hazilingani.

ZUHURA: Ile isiyopasuka kabisa ndiyo bora, sivyo?

BARAKA: Inategemea kazi. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois walichanganya kapsuli zenye kimiminika cha kuponya ndani ya epoksi, plastiki ngumu, yenye kichocheo cha kukigandisha kimiminika hicho. Hizo zilikuwa za urea na formaldehidi: malighafi zote za ganda zinatoka upande wa maji na polima inajitandaza juu ya tone. Zilipaswa kuvumilia kuchanganywa, halafu zipasuke ufa ukipita. Zilipasuka, kimiminika kikajaza ufa kikagumu, na ukinzani dhidi ya ufa ukarudi hadi asilimia 75 ya ule wa awali. Zingekuwa ngumu mno, ufa ungezizunguka tu.

ZUHURA: Na maganda yakishamaliza kazi? Hayo si mikroplastiki, vile vipande vidogo sana vya plastiki?

BARAKA: Ni mikroplastiki, na suala hilo linanigusa sana. Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni mwaka 2023 dhidi ya mikroplastiki zinazowekwa kwa makusudi kwenye bidhaa, na kapsuli za manukato zimepewa hadi 2029. Kwa hiyo kazi kubwa sasa ni kuingiza viungo vya esta, aina ya muungano unaovunjika kwa maji, kwenye wavu ili bakteria na maji waweze kuukata.

ZUHURA: Ugumu uko wapi?

BARAKA: Kiungo ambacho maji yanakikata mtoni, maji hayohayo yanakikata ndani ya chupa kabla bidhaa haijauzwa. Manukato yanavuja yakiwa bado stoo.