Bamvua Iliyoonekana Maji Mafu

BI ZUHURA: Karibuni wasikilizaji, tuko Tanga kama kawaida. Bwana Hatibu, nahodha mmoja wa Sahare alikuletea kipokezi cha GPS akilalamikia maji, wala si tarehe.

BWANA HATIBU: Ndivyo. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 11 Machi 2024, watu wakiutafuta mwezi wa Ramadhani. Mwezi mwandamo huja na bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kwa nguvu, na nahodha hangoji mashine imwambie hilo. Lakini kioo chake, kinachokokotoa maji kwa kufuata tarehe ya kipokezi, kilionyesha maji mafu, yaani yanayojaa na kupwa kidogo tu. Nilipofungua ukurasa wa saa nikakuta Jumatatu, 26 Julai 2004.

BI ZUHURA: Jumatatu ileile?

BWANA HATIBU: Hapo ndipo kosa hujificha. Setilaiti hutangaza namba ya wiki kwa biti 10, yaani kuanzia 0 hadi 1023, tangu tarehe 6 Januari 1980. Hesabu ilirudi sifuri Agosti 1999, ikarudi tena Aprili 2019, na kipokezi hulazimika kukisia kiko katika mzunguko wa ngapi. Kikikosea, kinarudi nyuma siku 7168, ambazo ni wiki 1024 kamili, kwa hiyo jina la siku halibadiliki. Mwezi wa angani, hata hivyo, haufuati wiki: siku hizo ni miandamo 242 na siku 21 na ushee, basi mwezi mchanga wa leo unaangukia nusu mwezi ya wakati ule. Hapo bamvua inasomeka maji mafu.

BI ZUHURA: Na mahali chombo kilipo?

BWANA HATIBU: Palikuwa sahihi kabisa, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka mapema.

BI ZUHURA: Kwa nini tarehe isirekebishwe kwa mkono?

BWANA HATIBU: Kipokezi huifuta papo hapo na kuandika yake. Mtengenezaji naye alikwisha kuacha kutoa programu mpya za modeli hiyo, jambo ambalo kwa chombo kizima namna ile naliona ni uzembe. Nikaweka kibao kidogo cha kielektroniki kwenye waya, kati ya kipokezi na kioo. Kila mstari wa RMC unaopita, yaani ujumbe wa kipokezi wenye saa, tarehe na mahali, kibao husoma 260704, huongeza siku 7168, na kuandika 110324.

BI ZUHURA: Ikawa imekwisha?

BWANA HATIBU: Bado, siku ya kwanza kioo kilikaa kimya. Nilikuwa nimesahau kwamba mwishoni mwa mstari, baada ya kinyota, kuna tarakimu mbili za uhakiki zinazotokana na herufi zilizotangulia. Ukigusa tarehe bila kuzikokotoa upya, kioo huutupa mstari mzima.

BI ZUHURA: Na hesabu itakaporudi sifuri tena Novemba 2038?

BWANA HATIBU: Kibao hakiongezi kiholela. Huongeza pale tu tarehe iliyoingia inapokuwa ya kabla ya siku nilipoiandika programu yenyewe, kwa hiyo mwaka 2038 kitavuka salama. Kikomo chake ni Oktoba 2043, siku 7168 baada ya siku hiyo, na nimekiandika kwa wino juu ya kasha.